Uzi wa Majani ya Kuwasha

Siku yangu ya kwanza kazini nililia. Nawaambia ukweli ninyi vijana, maana mkisikia "Mama huyu alikuwa shefu wa ateliye" mnafikiri nilizaliwa na funguo kiunoni. Ulikuwa mwaka ule wa uhuru. Nilitoka Nyakabere na gauni moja, nikafika Uvira kwenye ateliye, karakana ya kutengeneza uzi, na kabla hata ya kusalimiwa nikakumbatia mzigo wa majani ya kuwasha kwa mikono mitupu. Yooo! Vidole vilivimba hata kumega ugali kukanishinda.

Shefu wetu, mzee wa Mulenge kule milimani, alicheka mpaka akakohoa. "Weye, hii majani banaishika toka chini kupanda juu. Ukiigusa na woga, inakuuma. Ukiikamata nguvu, inanyamaza." Nikajaribu, ikawa kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Majani tuliyapukuta, tukabaki na mashina marefu. Mashina tuliyaloweka kwenye pipa mpaka ganda lilegee. Hiyo tuliita kuozesha, na ukikosea hapo umeharibu yote. Kisha tulianika, tukaponda kwa nyundo ya mti, tukachana nyuzi kwa kitana cha misumari, tukasokota kwa pia, kijiti chenye kichwa kizito unachokizungusha pajani. Kwenye pia, minye, mimi huyu, nilikuwa na mkono mwepesi. Nilijisifu wakati ule, na bado najisifu.

Uasi ulipofika, miaka michache baada ya uhuru, barabara ilifungwa, uzi wa dukani ukaisha. Wavuvi wakabaki na ndoana bila kamba. Ndipo Jeran, ndivyo tulivyomwita meneja aliyekuwa juu ya Shefu, akatuita wote. "Mwisho wa mwezi wavuvi watakuja kujaribu uzi wenu. Ukikatika, nafunga. Hii nyumba itakuwa depo ya kuwekea chumvi, na ninyi mtarudi kwenu." Kwetu kulikuwa na mama mjane na wadogo zangu watatu waliokula kwa mkono wangu. Niliogopa sana.

Shefu akatia mashina yote kwenye pipa. "Siku kumi na mbili," akasema, "kama kwetu milimani." Siku ya sita nikanusa lile pipa, nikashika shina moja. Ganda lilitoka lenyewe.

"Papa Shefu, iko tayari."

"Weye mutoto wa juzi! Baba yangu alihesabu kumi na mbili, babu yangu kumi na mbili."

"Lakini Papa, kule kwenu mayi ya kuloweka iko baridi. Huku jua iko inaipika."

"Enda ukafagie!"

Nikafagia. Lakini alipokwenda kula, nilichomoa mafungu matatu, nikayaanika nyuma ya choo, ambako hakuna anayekawia kutazama. Niliiba mali ya kazi, sipambi maneno.

Siku ya kumi na mbili Shefu alifunua pipa, akaingiza mkono, akatoa uji. Hakukuwa na uzi hata mmoja wa kushika. Mzee wa watu akakaa juu ya matofali, akasema polepole, "Nimemaliza batoto ba bantu." Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Nikaleta mafungu yangu, nikingoja matusi. Aliyanusa, akavuta uzi mmoja mpaka ukamkata kidole. "Sokota," akasema, basi.

Siku ya majaribio, wavuvi wawili walishika kamba yangu huku na huku, wakavuta wakiegemea nyuma, miguu ikichimba mchanga. Ikalia, haikukatika. Wakaifunga ndoana, wakaingia ziwani, wakarudi adhuhuri na samaki, kamba ikiwa nzima. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Jeran akamnyooshea Shefu mkono. "Bravo, Shefu! Nilijua weye iko fundi."

Angeupokea tu, yakaisha. Sisi tungenyamaza. Lakini mzee aliweka mikono yake nyuma, mbele ya wavuvi na ateliye nzima, akasema, "Hapana, Jeran. Ya kwangu yote ilioza. Hii ni ya huyu binti, na minye nilimukataza."

Nilifanya kazi ile mpaka magoti yakakataa. Baada ya mzee yule nilipita chini ya mashefu wengine watatu, wawili wenye diploma, na sikumsikia hata mmoja akisema mbele ya watu, "Ya kwangu ilioza." Kisha nikawa shefu mwenyewe. Niliozesha mapipa mengi mpaka yakawa uji, watoto wangu. Neno lile nililisema mara mbili tu, tena kwa sauti ndogo, mlango ukiwa umefungwa.