Pua ya Mama Pacha

Mama Pacha alipopona mafua yale makali, kila kitu kilimrudia isipokuwa harufu. Mwanzoni hakujali. Kisha siku moja maziwa yakaungua jikoni naye amesimama papo hapo, mwiko mkononi. Mumewe alikuja mbio kutoka sebuleni akazima jiko.

"Moshi wote huu huusikii?"

"Mawazo yalikuwa mbali," akasema.

Mume alicheka, akasema pua ya mkewe imechukua likizo bila ruhusa. Mama Pacha naye akacheka. Lakini mumewe alipotoka, alifungua chupa ya mafuta ya taa akainusa. Ilikuwa kama kunusa maji. Akaifunga, akapiga kimya.

Kimya hicho kilikuwa na sababu. Kazi yake ilitaka pua. Alikuwa mnyunyiza dawa ya kuua vijidudu katika jumba la michezo lenye bwawa la kuogelea, na vyumba vyake vya kubadilishia nguo viliingiwa na watu wa kila namna kutwa nzima. Wenzake wakishasugua kwa sabuni, yeye alifuata na tangi mgongoni na bunduki ya umeme mkononi. Bunduki ile ilitia chaji kila tone, dawa ikatoka kama ukungu na kuvutwa na vitu, vile kitana kilichosuguliwa kwenye nywele kinavyovuta vipande vya karatasi. Akisimama mbele ya benchi, ukungu ulizunguka wenyewe ukashika mpaka uvunguni.

Aliyempatia kazi hiyo ni wifi yake, dada wa mumewe, mtunza taulo wa pale, mwanamke mwenye mdomo usiolala.

"Wifi, hebu nipulizie na mimi kidogo," alikuwa akimwambia. "Huenda na wanaume wakavutwa."

"Watakaovutwa kwako ni wadai wa taulo," Mama Pacha akimjibu, nao wakaendelea na kazi wakicheka.

Madumu ya stoo yalikuwa meupe yote. Karatasi zilizobandikwa juu yake zilikuwa zimelowa na kubanduka zamani. Basi siku ya kwanza kabisa alifundishwa kwamba kabla ya kumimina dawa, afungue kifuniko na kupunga hewa kwa kiganja kuelekea puani. Dawa ya kunyunyizia ilikuwa na harufu kidogo kama ya bwawa. Asidi ya kusugulia vyoo ilichoma. Sasa alipunga ili watu waone tu, akamimina kwa kubahatisha, na kila mara alipoona mambo yamekwenda sawa alijiambia harufu itarudi. Haikurudi. Alianza kuliogopa dumu kama mtu anavyoogopa mbwa asiyebweka.

Mara mbili alifika mlangoni kwa msimamizi ili amweleze. Msimamizi alikuwa mtu wa maneno machache, na moja ya hayo machache lilikuwa kwamba mwenye kasoro hashiki bunduki. Mama Pacha alirudi zake, akajikaza kisabuni.

Asubuhi moja bwawa lilikuwa na mashindano na msimamizi alitaka vyumba viwe tayari upesi. Mama Pacha alilifungulia dumu nje, penye upepo, akapunga. Hakusikia kitu. Akamimina ndani ya tangi. Vipovu vilipanda, vingi kuliko kawaida, na macho yakaanza kumwasha. Alisimama pale ameshika kifuniko, akimtazama mtu aliyekuwa akipita na ndoo, na kama yule mtu angesimama huenda angemwomba anuse. Hakusimama. Mama Pacha akavaa miwani na barakoa yake ya vichujio, akaingia chumba cha wanawake.

Alinyunyiza makabati, vitasa, mabenchi. Alipomaliza aliweka ubao wa kuzuia watu mlangoni, akahamia chumba cha pili. Hakujua kwamba wifi yake alikuwa akiingia kwa mlango mdogo wa nyuma kuchukua taulo chafu.

Alisikia kikapu kikianguka. Kisha kikohozi, kama nguo inayochanwa.

Alimkuta amepiga magoti katikati ya chumba, mikono shingoni. Alimshika makwapani akamburuta hadi nje kwenye ukuta wa kuegeshea baiskeli.

"Vuta pumzi, wifi. Ni mimi."

"Inachoma," wifi akasema. Machozi yalimtiririka. Alipopata pumzi nyingine akauliza, "Hukuisikia?"

Mama Pacha alikuwa bado na barakoa usoni.

Ilijulikana kwamba mtu alimwaga mabaki ya asidi ya vyoo ndani ya dumu la dawa, na vile viwili vikikutana hutoa hewa ya sumu. Nani alimwaga, haikujulikana. Mtunza stoo aliapa, wasafishaji wakaapa.

Kwenye ukumbi wa hospitali Mama Pacha alimwambia mumewe ukweli. Mume hakupandisha sauti. Alihama kiti kimoja, wakabaki na nafasi katikati, mpaka daktari alipotoka kuwaeleza kwamba mapafu ya mgonjwa yameungua na hawezi kuahidi kitu.

Kisha Mama Pacha alimwendea msimamizi, akamweleza naye. Msimamizi alipokea bunduki, na kesho yake akampa mtu mwingine. Hakumuuliza huyo kama anasikia harufu. Madumu yalibaki kwenye rafu ile ile, meupe vile vile.

Wifi alihamia kwao alipotoka hospitali, kwa kuwa ngazi za kwake zilimshinda. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Mama Pacha alimweleza yote akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Ningekuwa wewe, na mimi nisingesema," wifi akanong'ona. "Kazi zenyewe ziko wapi?"

Mama Pacha angependa atukanwe.

Siku hizi anapika mchana huku mgonjwa akikohoa chumba cha pili. Kikohozi amekizoea. Kinapokatika ndipo anapoacha kisu, akasimama kimya jikoni, akitega sikio kama kuna pumzi inayofuata.