Halbadiri ya Ng'ombe wa Gidamis

Nilipokuwa mtoto pale kwetu Kikole, mtu akiibiwa haendi polisi, anasomesha halbadiri. Wazee wanakaa jamvini, kisomo kinasomwa mpaka mwisho, pilau linaliwa, halafu kijiji kizima kinangoja tumbo la mwizi livimbe. Atakayevimba ndiye, kesi imekwisha. Na mpaka leo, mimi mtu mzima, mtendaji wa kijiji mwenye mhuri wangu, bado wananiletea habari za matumbo. Wallahi nimechoka.

Mwaka mmoja wafugaji walikuwa wameanza kushuka na mifugo yao kutoka bara. Mmoja wao, Gidamis, alipiga kambi karibu na mikorosho yetu. Siku moja ng'ombe wake wawili wa maziwa wakapotea. Aliyewachukua nilimwona kwa macho yangu haya. Nilikuwa naokota korosho, jua la saa tisa, mjomba wangu Hemedi akapita anawaswaga kuelekea njia ya Kipatimu, chapa ya Gidamis inaonekana pajani. Aliniona. Akacheka, akaniambia nimsalimie bibi.

Gidamis alikwenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti, badala ya kumwandikia barua ya kwenda polisi, akamshauri atoe mbuzi tusomeshe. Maskini, dini yenyewe si yake, akatoa beberu aliyenona. Na nani alikula sahani mbili? Mjomba Hemedi. Alikaa mstari wa mbele, anaitikia amina kuliko wote. Nikamngoja avimbe. Nikamchungulia siku tatu, siku saba, siku kumi. Tumbo bapa kama sinia.

Aliyevimba alikuwa Salumu, baba wa rafiki yangu Zaituni. Alikuwa anaugua ini tangu kabla Gidamis hajafika, na kila mtu alijua, ila siku hiyo wote wakajifanya wamesahau.

Nikamweleza bibi nilichokiona. Bibi ndiye mama yake Hemedi. Aliacha kupepeta, akanishika mkono mpaka ukauma.

"Kisomo kikishasomwa hakiingiliwi," akaniambia. "Ukitia neno lako kitakugeukia wewe. Unataka kuvimba?"

Nilikuwa na miaka kumi. Sikutaka kuvimba. Nikanyamaza.

Wambea wakampelekea Gidamis habari kuwa mwizi kapatikana. Wanawe wakaja na fimbo mchana kweupe, wakamkuta Salumu kibarazani. Waliompiga walikuwa watatu, tuliotazama tulikuwa kijiji kizima. Zaituni alinivuta gauni, analia, ananiambia tukaite watu. Watu gani tena? Wote walikuwa pale. Mkono wa kulia wa Salumu ulivunjika na haukunyooka tena.

Polisi wakaja, wakawachukua vijana wale. Kisha askari akauliza nani aliwaona ng'ombe wakiibiwa. Kimya. Akauliza tena, taratibu. Mwenyekiti akatujibia kwamba sisi tumemwachia Mungu, na askari akafunga daftari lake. Vijana walifungwa, na walistahili, lakini wizi wenyewe ukabaki bila mwenyewe. Tangu hapo mkulima akiona ng'ombe anatafuta panga, na mfugaji akimwona mkulima anakamata fimbo.

Sasa najua bibi hakuwa anaogopa kisomo, alikuwa anamhofia mwanawe. Dua sina ugomvi nayo, naomba kila siku. Ugomvi wangu ni na hawa wanaomtanguliza Mungu awe shahidi ili wao wasikanyage mahakamani.

Mwezi uliopita wameibiwa tena wafugaji, na wazee wangu hao, bila haya, wakaja ofisini kuomba ruhusa ya kusomesha. Nikawauliza nani kaona. Wakatazama sakafu. Hasira zikanipanda, nikafungua mdomo niwaseme, kisha nikajikumbuka. Mimi ni nani wa kumsema mtu aliyenyamaza?

Jioni ile nikaenda kwa Salumu, mzee sasa, ini lilishatibiwa zamani. Nikampa shikamoo, nikakaa mkekani, nikamweleza yote: Hemedi, chapa, njia ya Kipatimu, bibi. Karibu miaka ishirini nimeyabeba. Nilijiandaa kutukanwa, hata kufukuzwa. Aliuweka mkono wake mbovu mapajani.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

Nilidhani ananikejeli. Hakuwa ananikejeli.

"Tumbo lilipovimba, mwanangu, nilijitafuta. Nikasema huenda nilikwenda usingizini, huenda shetani alinichukua. Miaka yote hii kila nikiswali natubia ng'ombe wale."

Nililia mbele yake kama mtoto. Mkono nilijua nimechangia kuuvunja, hili la toba sikulijua, na neno moja la mtoto wa miaka kumi lingemwokoa nalo. Salumu hakunibembeleza wala hakunigombeza. Aliniomba nirudie tena, polepole, jina la mwizi na saa niliyomwona. Kisha akamwita Zaituni atoke jikoni aje asikie, nami nikaanza upya.