Mjuzi wa Kuzungumza na Benki

Mume wangu alikopa benki ili anunue mashine ya kukoboa mpunga huko Kihurio, na nyumba yetu ya Same mjini ikawa dhamana. Mimi niliweka sahihi ya ridhaa kama mke, kwa hiyo sitamlaumu peke yake. Mashine ilifanya kazi msimu mmoja na nusu. Kisha maji ya mifereji yakapungua, mpunga ukawa haba, na ule mchache ukaenda kwa jirani mwenye mashine kubwa kuliko yetu. Barua ya benki ilipofika ikitaja mnada, deni lilikuwa limeshaipita bei ya nyumba yenyewe.

Tulichohitaji ni benki ituruhusu tuuze wenyewe, ipokee kitakachopatikana, na kinachobaki ikisamehe. Shemeji yangu akatuambia mambo hayo hayazungumzwi na watu kama sisi, yana wataalamu wake. Akatupa namba ya mmoja.

Mtaalamu huyo alikuwa na chumba juu ya duka la mabati. Mlangoni kibao kilisema "Mshauri wa Majadiliano na Mikopo". Vumbi la Same linajulikana, lakini yeye alivaa viatu vyeupe vyenye ncha kali na suti ambayo mikono yake ilimfika kwenye vidole. Alikuwa wa umri wa kijana wangu wa kwanza. Hakunipa shikamoo.

"Mama, karibu, kaa. Benki zote nazijua mimi," alisema huku akizungusha kiti chake. "Mameneja wananiogopa. Ila nina sharti moja: msizungumze nao tena. Mkifungua mdomo tu, mmeharibu dili."

Akadai ada ya kufungua jalada. Jalada lenyewe lilikuwa bahasha ya kaki ambayo juu yake aliandika jina la mume wangu, akalikosea. Nami, niliyefundisha hesabu shule ya msingi hadi nikastaafu, niliyewachapa watoto wa watu kwa kutopitia majibu yao mara mbili, nililipa na kusema asante.

Miezi miwili iliyofuata alitutumia ujumbe kwenye simu. "Tuko pazuri." "Mchakato unaendelea." "Meneja amelegea." Nyumbani kwetu hakufika hata siku moja. Nilipomkumbusha aje aione nyumba anayoitetea, alicheka. "Mama, mimi sinunui nyumba. Mimi nauza maneno."

Hatimaye akatuambia amepata mnunuzi na benki imetuita. Tulikwenda watatu. Afisa mikopo alikuwa dada mwenye miwani, mpole, aliyesimama kutuamkia. Kabla sijamaliza kuitikia marahaba, mtaalamu wetu alishaanza hotuba. Alizungumzia uchumi wa dunia. Alisema "kimsingi" mara nyingi kiasi kwamba mume wangu akainama akaanza kutazama sakafu. Kisha akaweka mezani barua ya mnunuzi. Bei iliyoandikwa humo isingetosha kununua mabati na madirisha yetu.

Dada aliisoma hadi mwisho. "Huyu mnunuzi yuko hapa Same?"

"Ni mfanyabiashara mkubwa. Yuko safarini sana."

"Basi nimsalimie tu," akasema, akavuta simu ya mezani na kubonyeza namba iliyokuwa chini ya barua.

Simu ikaita ndani ya koti la mtaalamu wetu. Ilikuwa na mlio wa kwaya, tena kwa sauti ya juu. Akaubana mfuko kwa kiganja kama mtu aliyeumwa na nyuki, lakini kwaya ikaendelea kuimba mpaka dada alipokata.

"Ameniachia simu yake," akasema.

Mume wangu akanigeukia na kusema kwa Kipare, polepole, kwamba kama tungemlipa mbuzi badala ya huyu, angalau tungekula nyama. Dada aliinamisha uso. Nadhani alikuwa Mpare mwenzetu.

Mtaalamu alipotoka, akisema anakwenda kumpigia mwenye simu, nilifungua mdomo ambao niliambiwa ungeharibu dili. Nikasema nyumba ina vyumba vinne na tangi la maji, biashara ya mashine imekufa, na sisi hatuna kingine.

"Leteni mnunuzi wa kweli na ripoti ya mthamini," dada alisema. "Na andikeni barua ya kuomba. Ukurasa mmoja unatosha."

"Barua tu?"

"Barua tu, mama. Hamkuhitaji kumlipa mtu."

Niliiandika jioni ile ile kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Mnunuzi tulimpata sokoni, mama muuza mchele aliyekuwa akinunua kwetu enzi za mashine. Alikuja na kaka yake, akafungua mabomba yote, akagonga dari kwa fimbo ya ufagio, akataja bei yake. Ilikuwa chini ya deni, lakini ilikuwa bei ya mtu mwenye haya. Benki ilijadili wiki kadhaa, ikakubali, na kilichobaki ikakifuta kwa maandishi.

Siku tunafunga mizigo, viatu vyeupe vikaingia uani kwa mara ya kwanza. Alikuja kudai ada ya mafanikio.

"Nyumba hii ina vyumba vingapi?" nilimuuliza.

Akatazama madirisha, akihesabu kwa midomo. "Vitatu?"

Nilimwonyesha geti. Alitoka akilalamika kwamba watu wa huku hawathamini utaalamu.

Tulipanda milimani Myamba siku hiyo hiyo, kwenye nyumba waliyoacha wakwe zangu. Kabla ya kuondoka Same nilirudi ndani peke yangu, nikasimama jikoni ambako rafu zilikuwa tupu. Nilikuwa nimeshughulika kumdharau yule mtu miezi yote hiyo kiasi kwamba sikuwa nimepata nafasi ya kuililia nyumba. Nikalia hapo. Mume wangu alisubiri nje kwenye gari la mizigo, na hakupiga honi.