Msalaba wa Mabomba ya Pikipiki Yangu

Admin, jina langu lizike kabisa, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Mji sitauficha: ni Kolwezi, huku Kongo, mtaa wa Kasulo, ambako watu wanachimba kobalti mpaka chini ya vitanda vyao. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, sina mume, kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Hasira zangu ziko karibu, sitajipamba hapa.

Kazi nilifundishwa na baba. Kabla hajafa aligawa mali mbele ya familia: nyumba kwa mama na mdogo wangu wa kiume, nimwite Tino, na karakana ya nyuma kwangu. Kwenye sakafu ya karakana baba alikuwa amechora kwa msumari, kwa ukubwa wake halisi, shasi, yaani fremu, ya pikipiki aliyoiota maisha yake yote: ndefu, imenyooka toka shingo ya usukani mpaka ekseli ya nyuma, bila amortisa, zile shokapu, za nyuma. Watu walimcheka. "Tata, na hii mashimo ya Kolwezi, itakuvunja mugongo!" Alikufa hajakata hata bomba moja. Nikaamua kuimaliza mimi.

Shasi kama ile haijengwi hewani. Nilipigilia miguu ya chuma kwenye saruji, juu ya mchoro wa baba, nikayafunga mabomba humo na kuyaunga kwa nukta ndogo ndogo tu kwanza. Ikitikiswa kabla ya kuchomelewa yote inapinda, na gurudumu la nyuma halitafuata la mbele hata ufanyeje. Ndiyo maana nililinda sakafu ile kama mbwa aliyezaa.

Tino naye aliitaka sakafu hiyohiyo, aichimbe. Jirani alipata madini mazuri nyuma ya ukuta wetu, basi kichwa kikamruka. Nilikataa. Akaanza uongo, sisi huuita bongo, wa kunitoa: mara mama kaanguka bafuni, mara polisi wananitafuta. Nikikimbia, narudi nakuta ameshatoboa kona ya saruji. Mara ya mwisho nilimpiga makofi mbele ya marafiki zake, nikamwapia: "Ukileta tena bongo yako hapa, nitakuvunja miguu."

Nilichokuwa sijui ni kwamba alikuwa ameshaanza kuchimba toka chumbani mwake, yeye na rafiki yake Papy, mlango kwa kufuli, na mama anajua. Njia yao ilikwenda chini kwa chini, kisha ikapanda mpaka chini ya karakana yangu.

Siku ile mchana nilikuwa nachomelea shingo. Tino akaingia mbio, vumbi mpaka kwenye kope, nyundo kubwa mkononi, akiniita yaya, dada mkubwa. "Yaya, toka hapo! Kuko muntu chini! Udongo ilimufunga!"

Nikamwambia, "Bongo."

Aliinua nyundo akapiga mguu wa chuma uliomzuia kufikia saruji ya katikati, shingo ya shasi ikakatika na kuruka ukutani.

Hapo sikuona kitu tena. Nilichukua bomba refu lililofyatuka, lile la mgongo wa shasi, nikampiga mkononi mpaka nyundo ikaanguka. Nikampiga gotini, nikasikia mfupa. Alianguka, akatambaa kwa tumbo kuifuata nyundo, nikampiga begani, mgongoni, mdomoni. Meno yalitoka. Alikuwa analia, "Yaya, Papy! Papy iko chini!" na mimi nampiga juu ya jina hilo. Nisiwadanganye, kulikuwa na utamu ndani yake. Niliacha kwa sababu mikono ilichoka.

Ndipo nikasikia, chini ya miguu yangu, mtu anagonga. Polepole.

Niliokota nyundo. Nilivunja sakafu, mchoro wa baba, miguu ya chuma, kila kitu, huku napiga kelele kama kichaa. Majirani walikuja na mitaimbo. Kugonga kulinyamaza kabla hatujatoboa. Tulipomtoa Papy alikuwa bado na joto, patasi mkononi, mdomo umejaa udongo.

Goti la Tino halikunjiki tena. Polisi, majirani, familia ya marehemu, wote wameambiwa kitu kimoja: shimo liliporomoka, likamuua Papy na kumvunja Tino. Mama ndiye aliyetunga, Tino akaitikia. Kwa mjane wa Papy mimi ni yule dada aliyepasua saruji mpaka viganja vikatoka damu. Alinikumbatia msibani, roho ikanichoma.

Hospitalini Tino aliniuliza kwa mdomo wake uliovimba, "Yaya, ulinisikia ama haukunisikia?" Nikamjibu kwamba mashine ya kuchomelea ilikuwa inapiga kelele. Akageukia ukutani.

Nilimsikia. Kila neno.

Sasa mjane amekuja kuniomba nichomelee msalaba wa kaburi. Alisema hataki mtu mwingine aushike, "juu we ndiye ulimutafuta bwana yangu." Chuma nilichokuwa nacho ni mabomba ya ile shasi tu. Nimeukata, nimeuchomelea, umeegemea ukuta hapa ninapoandika. Bomba lililosimama ni lile nililompigia Tino. Nimelisugua kwa msasa, nimelipaka rangi, bado nalijua.

Jumapili atakuja na watoto wake kuuchukua. Mama anasema nikifungua mdomo nimemzika na Tino pia, kwa kuwa itajulikana alitoka shimoni salama akamwacha Papy chini, na ndugu wa Papy hawatamwacha akiwa mzima. Nilishamvunja mara moja. Lakini kila nikikanyaga sakafu, popote, hata kanisani, nasikia kugonga.

Ninyi mnaonisoma, mnitukane kwanza, nimestahili, halafu mnijibu. Nimkabidhi msalaba na kukaa kimya, au nimwambie kwanza kwamba mume wake alikuwa anagonga, na mimi nilikuwa nimesimama juu yake?