Nilikwenda Msambweni kumposea mwanangu, nikarudishwa nikasome Biblia

Wakuu, nawasalimu. Vijana, marahaba, najua shikamoo zenu ziko njiani.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mke wangu amekaa hapa pembeni nikimsomea ninachoandika. Nikiongeza chumvi atakohoa.

Mimi ni fundi wa makuti. Zile hoteli za Diani mnazozipiga picha, paa nyingi nimeezeka mimi na watu wangu. Shule niliiacha darasa la tatu. Leo nina nyumba, nina gari, na hakuna aliyenishika mkono.

Kwa hiyo neno la Biblia nililolipenda kuliko yote lilikuwa lile la "Jisaidie, nami nitakusaidia." Nimelisema kanisani, nimelisema matangani, nimewaambia hata vibarua wakiomba kushikiwa ngazi.

Sasa mwanangu Mwero akapata mchumba Msambweni. Sisi asili yetu ni upande wa Kinango, nao kadhalika, na katika koo zetu maneno ya siku ya posa hupimwa. Ukisema jambo mbele ya wazee wa msichana ukashindwa kulithibitisha, unapigwa faini ya mbuzi. Mazungumzo yanasimama mpaka uthibitishe au ulipe.

(Kinywaji cha posa zamani kilikuwa tembo la mnazi. Siku hizi tumeokoka, ni kreti ya soda.)

Tukaenda, tukakaribishwa, mambo laini kabisa. Nyanya yake msichana, Bibi Mbodze, akauliza, "Hawa watoto watalala wapi? Wewe una vyumba Ukunda. Wape kimoja wajipange."

Nikamwambia, "Mama, mimi sikupewa chumba na mtu. Mungu mwenyewe amesema kwenye Biblia, jisaidie nami nitakusaidia."

"Wapi?"

"Kwenye Biblia."

"Biblia ni kubwa, baba. Nionyeshe."

Ikaletwa, ikawekwa mapajani mwangu. Wakuu, niliipekua kama kuku jaani. Naenda mbele, narudi nyuma. Soda zinapata moto.

Mwisho bibi akasema, "Kalitafute neno lako nyumbani kwako. Ukiliona, njoo utuonyeshe. Usipoliona, njoo na mbuzi."

Mbuzi si shida, ninao. Shida ni kuitwa mwongo Msambweni nzima.

Nikampigia simu mchungaji wetu. "Limo, mzee, limo. Nadhani ni Mithali." Mithali ngapi? "Nitakupigia." Mpaka leo hajapiga.

Mwero akalitafuta kwenye app ya simu. Halikutokea. Nikamwambia simu yake ina kasoro.

Jirani yangu Mzee Hamisi akanikuta barazani na miwani. Yeye Kurani aliihitimu chuoni, madrasa, akiwa mtoto mdogo. Akaniuliza, "Kumbe nyinyi kitabu chenu huwa mnasomewa tu?"

Ni kweli. Miaka yote hiyo Biblia nimeibeba kwapani kama mkate wa kupelekea wenyeji.

Basi nikaanza ukurasa wa kwanza, kidole kwenye mstari. Nilianza kabla ya masika.

Wakuu, mbona hatukuambiwa? Mna punda mle anayemjibu bwana wake, tena kwa hoja nzuri. Mna mfalme mnene aliyechomwa upanga, mafuta yakaumeza pamoja na mpini. Kurasa za fulani akamzaa fulani nazo nilizisoma zote, nikihofia mstari wangu umejificha humo.

Halafu nikafika kwa yule mjane mgeni anayeokota masazo nyuma ya wavunaji. Mwenye shamba anawaambia watu wake wamwangushie masuke makusudi. Hakumwambia ajisaidie. Nilikifunga kitabu nikatoka kidogo kupunga upepo.

Mwero naye anakonda. "Baba, lipa mbuzi. Kuna mwalimu mmoja wa Shimoni siku hizi anampelekea bibi samaki."

Nikamwambia asubiri, nimebakisha manabii wadogo na Agano Jipya. Akashika kichwa.

Kwenye Agano Jipya nako kuna kijana aliyesinzia mahubiri yalipozidi urefu, akaanguka kutoka dirishani. Hiyo nimeiwekea alama, siku moja nitamsomea mchungaji.

Nilimaliza mahindi yakivunwa. Mstari wangu haumo. Nimepita kote, hata ramani za nyuma.

Nikamchukua Mwero na mbuzi, tukaenda. Mbele ya wazee wote nikasema, "Mama, neno langu halimo."

Bibi Mbodze akacheka mpaka akashika ubavu. "Baba, mimi kusoma sijui. Neno hilo nimelisikia tangu msichana, na kila anayelisema namwomba anionyeshe. Wote hukasirika. Wewe ndiye wa kwanza kwenda kulitafuta."

Nilitaka kukasirika na mimi, ila nilikuwa nimechelewa, kitabu nimeshakimaliza.

"Sasa humo umekuta nini?" akauliza.

Nikakaa mkekani, nikamsomea yule mjane wa masuke, mwanzo mpaka mwisho. Wa jikoni wakaacha vyungu wakaja kusikiliza. Nilipomaliza bibi akauliza taratibu, "Na chumba?"

"Mwero anao ufunguo," nikasema. Mwero mwenyewe alikuwa hajui, nilimrushia palepale.

Posa ikapita kabla mbuzi hajachunwa.

Wakristo wenzangu, someni wenyewe. Mchungaji ni mtu, hulishwa maneno na wengine kama wewe. Usiseme hujasoma sana, mimi ni wa darasa la tatu na nimefika mwisho. Na nyumbani kwako kama yupo asiyejua kusoma, soma kwa sauti. Huenda amengoja miaka mingi.

Haya, uwanja ni wenu. Leteni yale mliyodhani yamo mkayakosa. Anayebisha alete sura na mstari. "Nilisikia kwa mtumishi" hapa sipokei.