Makochi ni Yangu, Sura Si Yangu

Mtaa mzima ulimwita Mama Makochi, na hata watoto wake walipoulizwa mama yenu anaitwa nani walijibu hivyo hivyo. Ukiingia karakana yake unapokewa na harufu ya gundi, halafu vumbi la sponji kuukuu linakukaba koo. Makochi yametapakaa kila mahali. Mengine yamevuliwa nguo zote yamebaki mbao na springi zilizochomoza, mengine yamelazwa chali, miguu juu. Mwenyewe utamkuta katikati amepiga magoti, misumari midogo ameibana midomoni, nyundo mkononi. Kazi hiyo alirithishwa na baba yake mzazi, aliyekuwa na wana wa kiume watatu na hakuna hata mmoja aliyeitaka.

Kwa miaka mingi biashara ilikwenda kwa midomo ya watu. Aliyetengenezewa kochi alimwambia jirani, jirani akamwambia shangazi, shangazi akaja na viti vyake. Lakini mambo yakabadilika. Siku hizi mtu haulizi jirani, anatafuta fundi kwenye simu akiwa amejilaza juu ya kochi hilo hilo bovu. Wateja wakaanza kupungua, na mume wake akatoa wazo.

"Si tuna mdogo wangu? Anatengeneza tovuti za makampuni. Atatufanyia bure, ni familia."

Shemeji huyo alikuwa na ofisi yenye mlango wa kioo na kiti cha kuzunguka. Alikuja karakana mara moja tu, akasimama mlangoni ili asichafue viatu, akatazama huku na huku, akasema "nimeshaielewa", akaondoka. Hakuuliza bei wala saa za kazi. Hakupiga picha hata moja.

Tovuti ilipokuwa tayari, mume aliitazama kwenye kompyuta kubwa ya mdogo wake akarudi anasifu: "Inang'aa kweli!" Mama Makochi naye akajaribu kuifungua kwenye kisimu chake. Kile kialama cha kungoja kikazunguka, kikazunguka. Akaiweka simu mezani, akamaliza kukaza kitambaa upande mzima wa kochi, akarudi: bado kinazunguka. Akafunga, akajisemea maadamu familia imesema nzuri, basi nzuri.

Baada ya hapo yakaanza mambo yasiyoeleweka. Simu inaita, anapokea kama alivyozoea, "Makochi hapa, karibu," na upande wa pili wanakata. Wengine wanaomba radhi kwamba wamekosea namba. Wachache waliofika wanasimama mlangoni, wanamtazama yeye, kisha wanachungulia nyuma yake kana kwamba kuna mtu amejificha.

Ndipo akaja msimamizi wa nyumba moja ya wageni, bwana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola. Mama Makochi alikuwa magotini, mdomo umejaa misumari.

"Dada, hujambo? Hebu niitie bosi wako."

Akaitema misumari kiganjani, mmoja baada ya mwingine. "Bosi gani?"

"Fundi mkuu. Yule kijana mwenye ndevu, wa kwenye tovuti."

"Fundi mkuu ni mimi. Na fundi mdogo ni mimi."

Bwana akacheka kwa adabu, kama mtu anayemcheka mtoto aliyesema jambo la kupendeza. "Sawa, dada. Lakini mwenyewe anarudi saa ngapi? Nina viti vya ukumbi mzima, siwezi kujadiliana na..." Akameza neno lililobaki.

"Kijana gani huyo? Nionyeshe."

Simu ya yule bwana ilikuwa ya kisasa, ikafungua ukurasa mara moja. Juu kabisa palikuwa na jina la Kizungu la maneno matatu, refu, la kung'atia ulimi. Hakuna alipoona "makochi". Chini ya jina amesimama kijana mtanashati, ndevu zimechongwa, aproni nyeupe isiyo na doa, mikono ameikunja kifuani, meno yote nje, nyuma yake makochi meupe pe. Na chini ya meno hayo imeandikwa: *Mwanzilishi na Fundi Mkuu. Ufundi uliorithiwa kutoka baba hadi mwana.*

Mama Makochi alisoma mstari huo mara mbili. Masikio yakamwaka moto. Baba hadi mwana! Baba yake, aliyemshika mkono akamfundisha kuvuta kitambaa kisikunjamane pembeni, leo amepewa mtoto ambaye hakumzaa.

"Hata mke wangu alishangaa," msimamizi akaendelea bila habari. "Alisema sura hii ameshaiona mahali. Kwenye tangazo la dawa ya bawasiri, nadhani." Akatazama saa yake. "Basi nitapita siku nyingine, mwenyewe akiwepo."

Akaenda zake. Mama Makochi akafunga karakana na kwenda moja kwa moja ofisini kwa shemeji yake, nyuzi zimemganda kwenye nguo na vipande vya sponji vimemng'ang'ania nywele. Msichana wa mapokezi alitaka kumwuliza ana miadi na nani, akamtazama usoni, akaona bora anyamaze.

"Shemeji! Karibu ukae," akasema mdogo wa mume, akiinuka kwenye kiti chake cha kuzunguka.

"Sikai. Yule mwanamume ni nani?"

"Mwanamume yupi?"

"Wa bawasiri!"

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililoharibu mambo kabisa. "Aa, ile ni picha ya kununua tu, shemeji. Tulia. Ndivyo tunavyojenga chapa ya biashara."

"Hiyo si kujenga chapa, hiyo ni kunichapa! Na yale makochi meupe ni ya nani?"

"Nayo ya kununua."

"Meupe! Nani mwenye watoto akaweka kochi jeupe nyumbani? Mimi nimetengeneza makochi ya nusu ya mji huu, na wewe umekosa hata moja la kupiga picha?"

Shemeji akakunja uso. Akafunga mlango, akashusha sauti. "Nikwambie ukweli? Kabla sijaweka picha ile niliwaonyesha watu picha mbili, fundi mwanamume na fundi mwanamke. Nikawauliza, kochi lako ungempa nani? Wengi walimchagua mwanamume. Sikuzua mimi, shemeji. Ndivyo watu walivyo."

"Na wewe ukaona uwasaidie?"

Shemeji akarudi kwenye kiti chake cha kuzunguka. Kwa kweli hakuwa mtu mbaya, na Mama Makochi alilijua hilo, ndiyo maana lilimuuma zaidi. Mtu mbaya angemtukana akaondoka. Huyu alimfuta kwa nia njema.

Nyumbani mume akajaribu kupoza mambo. "Mke wangu, si amefanya bure lakini?"

"Bure yake imenifukuza kazini kwangu! Mteja ananiambia nimwite bosi, ndani ya karakana yangu, nikiwa nimepiga magoti! Ungekuwa wewe ungesema bure?"

Mume akajitia kutafuta rimoti ya televisheni.

Aliyemwelewa ni wifi yake, dada wa hao hao ndugu wawili, mwenye studio ya kupiga picha za pasipoti na vitambulisho. Alisikiliza kisa chote bila kumkatiza. Kisha akauliza swali ambalo Mama Makochi hakulitarajia.

"Wifi, jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Na nenosiri analo nani?"

"Si kaka yako."

"Basi anzia hapo. Picha tutabadilisha, lakini kama funguo ziko kwake, siku mkikosana hata kwenye harusi utakuta duka lako la mtandaoni limefungwa."

Ujumbe ukaenda. Shemeji akanuna, lakini alihamisha kila kitu kwa jina la mwenye biashara, akatuma nenosiri bila salamu.

Asubuhi iliyofuata wifi akaja karakana na kamera. Akamkuta Mama Makochi amevaa gauni la sherehe na amepaka rangi ya midomo.

"Unakwenda wapi?"

"Si napigwa picha?"

"Vaa vile unavyovaa kazini. Mtu akija akukute ni yule yule."

Wakavuta kochi moja karibu na mlango, kwenye mwanga. Wifi alipiga picha za mikono ikivuta kitambaa, za uso uliokazana na kazi, misumari midomoni. Kiti kilichochakaa alikipiga kabla hakijaguswa. Kilipokamilika akakipiga tena, pembe ile ile, ili mtu aone tofauti bila kuelezwa. Jina la Kizungu likang'olewa, likarudi lile ambalo watu walikuwa nalo mdomoni siku zote: Mama Makochi. Kwa nembo wifi alichora kifungo kimoja, kile kinachozama katikati ya mto wa kochi, kwa rangi moja tu ya damu ya mzee. Hata kikiwa kidogo kama punje, unakitambua.

Maneno aliandika Mama Makochi mwenyewe. Alisema anafanya nini na hafanyi nini, maana alichoka kuulizwa vitanda. Alieleza karakana iko wapi kwa alama ambazo mpita njia anaziona, na saa za kufungua. Namba ya simu aliiweka juu kabisa, pale kidole kinapofika kwanza.

Tatizo ni kwamba alipoonja, alinogewa. Akataka picha za makochi yote aliyowahi kugusa. Akataka kila kichwa cha habari kiwe na rangi yake. Mwisho akataka ukurasa ukifunguliwa upige wimbo. Wifi alishindwa kumzuia, na shemeji, ambaye bado ndiye aliyekuwa anaipanga tovuti yenyewe, akapiga simu.

"Shemeji, kama ni kunitukana nitukane, lakini wimbo hapana. Mtu yuko kikaoni anatafuta fundi kimyakimya, mara simu inaanza kuimba?"

Mama Makochi akacheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Akakubali wimbo ufutwe. Shemeji akachagua picha chache zilizo bora na kuzipunguza uzito ili zifunguke upesi, na kwa mara ya kwanza kile kisimu cha Mama Makochi kikaifungua tovuti yake mwenyewe bila kuzungushwa. Shemeji alikuwa sahihi katika hilo. Mama Makochi ilimuudhi kukiri.

Kuitangaza hakukuwa na maajabu. Kila kochi lililotoka karakana liliwekewa kadi ndogo kwenye mfuko wa pembeni, yenye nembo ya kifungo na anwani ya tovuti. Kila mteja aliyeridhika aliombwa apige picha ya kochi likiwa sebuleni kwake na aandike maneno mawili matatu kwenye tovuti. Wengi waliandika. Mmoja ambaye hakuwahi hata kuwa mteja naye akaandika: "Mwanamke na nyundo, wapi na wapi?"

"Lifute hilo," mume akasema.

Mama Makochi alitaka kumjibu kwa maneno yasiyochapika. Wifi akamzuia: "Humjibu yeye. Unawajibu wanaosoma." Basi akaandika, meno yameumana: "Karibu karakana uitazame nyundo ikifanya kazi. Ukiwa na kochi bovu, njoo nalo."

Wateja walirudi, si kwa mafuriko, ila walirudi. Wengine bado walitaka "fundi mwenyewe". Mzee mmoja aliposikia sauti ya kike kwenye simu aliomba kuongea na mume. Mama Makochi akampa mume simu bila neno, akasimama akimkodolea macho.

"Mzee, mimi hata msumari sijui kuupiga," mume akasema. "Fundi ni huyo uliyekuwa unaongea naye." Akamrudishia simu. Siku hiyo mume alipikiwa chakula anachokipenda.

Yule msimamizi wa nyumba ya wageni hakurudi. Viti vya ukumbi vilikwenda kwa fundi mwingine, na jambo hilo bado linamkaa Mama Makochi rohoni. Ukimtajia anaacha kazi ili alisimulie upya.

Kisha wifi akamletea habari mpya. Kwenye tovuti ya ofisi ya kaka yake, pale anapoonyesha kazi zake, juu kabisa kumewekwa tovuti ya Mama Makochi. Na maelezo yake yanasema: "Tuliamini tangu mwanzo kwamba biashara hii ilihitaji sura halisi ya mwenyewe."

"Tangu mwanzo!" Mama Makochi akapaza sauti hadi fundi baiskeli wa ng'ambo akachungulia. "Tangu mwanzo wa bawasiri?"

Akampigia shemeji simu hapo hapo. Hakudai aombwe radhi, wala hakutaka tovuti yake iondolewe. Alidai mambo mawili: "tangu mwanzo" lifutwe, na chini ya kila picha liandikwe jina la dada yake, aliyezipiga.

"Lakini shemeji, watu hawasomi majina ya wapiga picha."

"Wataanza kusoma."

Akaahidi, akatimiza. Kesho yake Mama Makochi akafungua ukurasa kuhakikisha, akapiga simu tena. Jina la wifi lilikuwa limekosewa herufi.