Nilivyomsomea Bi Zuhura Midomo ya Mwanawe

Nichekeni tu, nimestahili. Mwishoni mwa miaka ya tisini, mtaa wetu mjini Voi ulikuwa na intaneti dukani kwangu tu, ambako nilikuwa nikipiga taipu barua za watu, nami nikajiona profesa.

Bi Zuhura akaja na mashoga zake na sahani ya kaimati. Mwanawe Hamisi, aliyekuwa akisoma Ulaya, alikuwa ameweka video ya salamu kwenye ukurasa wake. Kompyuta ikadai plagini, ile programu ya nyongeza, maana siku hizo kila ukurasa ulikuwa mlango wenye ufunguo wake. Nikaivuta kwa laini ya simu hadi kaimati zikaisha. Hamisi akatokea, mdomo unacheza, sauti hakuna. Kumbe sauti nayo ilitaka plagini yake!

Nikaanza kuivuta hiyo ya pili, lakini aibu ikanishika. "Msijali," nikasema, "mimi nasoma midomo."

"Haya mwanangu, anasemaje?"

"Shikamoo mama, nazikumbuka kaimati zako."

Bi Zuhura akalia. Sifa zikanipanda kichwani. "Anasema umtafutie mchumba hapa hapa Voi."

Vigelegele! Mama Rukia, mmoja wa mashoga hao, akamtoa bintiye awe mchumba papo hapo.

"Na huyo mzungu kando yake, anayepunga mkono?" Bi Zuhura akauliza.

"Mwalimu wake."

Ndipo plagini ikamaliza kushuka, video ikaanza upya, sauti juu:

"Mama, nisamehe sikukwambia. Huyu ni mke wangu."

Bi Zuhura akafuta machozi, akanigeukia taratibu.

"Mwalimu, eh?"